Mtoto wa Gorila Halelewi Mfukoni

Nyumbani kwa Bronwyn, pwani ya jimbo la Victoria, Australia, mfuko wa kitambaa haukosi kwenye mlango wa jikoni. Mtoto wa kangaruu akifiwa na mama barabarani, hulelewa humo kwa chupa. Mama yake Bronwyn alilea hivyo, na bibi yake pia.

Basi Pearl, gorila wa bustani ya wanyama alikofanya kazi Bronwyn, alizaa akamkataa mwanawe, Wanda. Bronwyn akampigia simu mumewe.

"Lachlan, fua ule mfuko. Naleta mtoto wa gorila."

"Gorila? Mwakani si atanifukuza kitandani!"

Lakini Desmond, mkuu wa walezi, alikataa katakata.

"Bron, huyu si kangaruu. Kangaruu ukimfungulia mlango anakwenda zake. Gorila hufundwa na wenzake. Akilelewa na watu, akikua anawaogopa gorila, na hata kulea hajui. Huko misituni Afrika wanazidi kupungua. Tunawazalisha hapa ili mbegu isipotee. Ukimfanya mwanao, uzao wake unaishia hapo."

"Kwa hiyo afe njaa?"

"Nani kasema afe? Tumfundishe Dulcie."

Dulcie alikuwa gorila jike mtu mzima, hana mtoto. Walimpa mwanasesere. Kila akimleta kwenye wavu wa chuma, alipewa kiazi kitamu, ili baadaye amlete Wanda hivyo hivyo anyonye chupa. Bronwyn naye alivaa fulana ya manyoya, Wanda akimng'ang'ania kifuani, wakashinda kando ya wavu ili gorila wamzoee.

"Usimwimbie," Desmond alimwonya. "Guna kama wao."

Bronwyn akaguna, wenzake wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Dulcie yeye akamkalia mwanasesere.

"Chekeni tu," Bronwyn alisema. "Sichoki mpaka aelewe."

Dulcie akaelewa. Siku ikafika, wakamlaza Wanda kwenye majani makavu. Dulcie akamnusa, akamkumbatia. Wakati wa maziwa, Bronwyn akasimama na chupa kwenye wavu. Wanda analia, Dulcie katulia tuli.

"Mlete, mama. Tafadhali, mlete."

Dulcie akainuka polepole. Akamsogeza mtoto kwenye wavu, Wanda akanyonya mpaka tone la mwisho. Bronwyn akampenyezea kidole akishike. Wanda akageuka, akaficha uso kifuani kwa Dulcie.

Ilimuuma Bronwyn, jamani, ilimuuma. Na hapo hapo alifurahi mpaka machozi.

Jioni Lachlan alimwonyesha mfuko, safi, umenyooshwa pasi. "Na huu je?"

"Tia vitunguu," alijibu Bronwyn. "Mtoto yuko kwao."