Mabuti ya Douglas

Mabuti yalikuwa yamelowa. Zilpah aliyakuta barazani asubuhi alipotoka kazini, yamesimama kando ya mlango, ncha zikielekea ndani, maji yakichuruzika kwenye matundu ya kamba, na Sydney yote haikuwa imeona tone la mvua kwa karibu mwezi mzima. Aliyainua akayamwaga bustanini. Maji yalikuwa baridi hadi vidole vikamuuma, na pamoja nayo ulitoka mchanga wa kijivu, laini kama unga. Wekesa ameyaosha, alijisemea, huyu mume wangu na vituko vyake. Akaingia kulala.

Ndivyo ilivyoanza. Ingekuwa afadhali kusema walikuwa watu wabaya waliojitafutia balaa, ili anayesoma alale vizuri, lakini hawakuwa. Zilpah alikuwa nesi kwenye makao ya wazee, mzaliwa wa Mumias, mwanamke wa kucheka hadi majirani wajue. Wekesa, mumewe, aliendesha forklift ghalani. Tangu wahamie mtaa wa Toongabbie, mke akifanya zamu ya usiku na mume ya mchana, ndoa yao ilikuwa ya kupishana mlangoni. Huyu anaingia, yule anatoka, busu la haraka, "Chai iko kwa thermos," basi. Ndiyo maana Wekesa alipoleta wazo la kwenda Himalaya, watembee kwa miguu kufuata bonde la mto mpaka unakoanzia chini ya barafu, Zilpah alikubali kabla ya kuuliza ni nchi gani. Wiki tatu nzima na mume wake. Angekubali hata kama angeambiwa wanakwenda kuchimba mtaro.

Watu wa kanisani waliwacheka. "Wacha nielewe," alisema Jacky, rafiki yao. "Mlikua mkichota maji river, mkatoroka, mkavuka bahari. Saa hii mnalipa mtu awarudishe river?"

"Hii river iko na snow, Jacky," Wekesa alimjibu. "Ni ya class ingine."

Walibandika ramani ukutani sebuleni, na kila jioni, katika ile saa yao moja ya kuonana, walisimama mbele yake huku Wekesa akipitisha kidole kwenye mstari wa bluu, akitaja vijiji watakavyolala kana kwamba aliwahi kuchunga ng'ombe huko. Siku za mapumziko alibeba begi lenye gunia la mchele akatembea kando ya kijito mpaka jasho limtoke.

Begi hilo na mabuti havikununuliwa. Ukitaka kumjua Mwafrika wa magharibi ya Sydney, mwangalie anavyopunguza mwendo wa gari anapopita mahali wenyeji wametoa vitu vyao barabarani ili vizolewe na manispaa. Meza yao, kochi lao, mashine yao ya kufulia, vyote vilitoka kando ya barabara na hakuna aliyeona haya. Huko Penrith, pembezoni mwa jiji, mbele ya nyumba moja yenye uwanja mpana, waliona begi la mlimani na juu yake mabuti mazima, saizi ya Wekesa kabisa. Walishukuru Mungu, wakapakia, wakaondoka. Kwa nini mtu atupe mabuti mazima, hilo hawakujiuliza.

Siku chache baada ya yale maji ya barazani, Zilpah alikuwa amelala, mapazia yamefungwa, jua la asubuhi limeachwa nje. Akasikia mlango ukibishwa. Taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyelelewa vizuri. Kwao Mumias mlango ukibishwa huulizi ni nani. Unaitikia kwanza, kutazama baadaye. Mdomo wake uliitikia kabla akili haijaamka.

"Karibu. Ingia, nakuja."

Mlango aliokuwa ameufunga kwa ufunguo ukafunguka. Akasikia hatua zikiingia, nzito, za viatu vilivyojaa maji, zikipita sebuleni, zikija kwenye ujia, pwacha, pwacha, zikasimama nje ya chumba chake, na yeye akalala macho wazi, akingoja kitasa kigeuke, na kitasa hakikugeuka, ila pumzi ya baridi ilipenya chini ya mlango ikiwa na harufu ya mawe ya chini ya maji, sufi iliyolowa, na moshi wa kuni za mti asioujua.

Alipopata nguvu ya kutoka, hapakuwa na mtu. Nyayo za maji zilikwenda mpaka kwenye kochi, na kochi lenyewe lilikuwa limelowa mahali ambapo mtu angekaa.

Kuanzia hapo nyumba ikawa na mto. Uliusikia chini ya sakafu, kwa mbali, mawe yakibiringika juu ya mawe. Walifunga bomba kuu la maji, mto ukaendelea. Wekesa alianza kuhisi baridi isiyoisha. Alivaa soksi juu ya soksi, na alipozivua Zilpah aliona nyayo za mumewe zimekunjamana kama za mtu aliyekaa majini kutwa. Aliogopa kwa mara ya kwanza kama mke, maana kama nesi alikuwa amewahi kuona miguu ya namna hiyo, na haikuwa ya watu walio hai.

Jioni moja walizungumza kwa video na kijana wa Kathmandu ambaye angewaongoza. Aliwaeleza kwa Kiingereza chake cha upole kuhusu vibali, farasi wa mizigo, na daraja lililosombwa ambalo wangelizunguka. Kisha akasogeza uso karibu na simu.

"Samahani," alisema. "Mimi nimeandaa safari ya watu wawili. Yule ndugu aliyekaa nyuma yenu, naye anakuja?"

Wote wawili hawakugeuka.

"Mwambieni abadilishe nguo," kijana akaongeza. "Amelowa sana. Ataugua."

Ndipo walipomwita Honorine. Alikuwa Mkongomani wa mtaa wa Cabramatta, mama wa maombi, aliyesifika kwa kutoa mapepo hata kwa watu ambao wachungaji wao walishindwa. Alikuja Jumamosi adhuhuri na chupa yake ya mafuta, akavua viatu, akaanza kuomba katikati ya sebule. Kila alipopaza sauti mto nao ulipanda, akapaza tena, ukapanda tena, mpaka midomo yake ikawa inacheza bila kusikika neno, vyombo vikitetemeka kabatini, ramani ikipigapiga ukutani kama iko kwenye upepo, na Zilpah akaona maji yakimtoka yule mama kinywani, maji meupe ya baridi, yakimwagika kidevuni hadi kwenye kitenge. Honorine akaacha. Mto ukashuka. Akaketi sakafuni akajifuta mdomo.

"Ma sœur, dada yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nani alimukaribisha huyu?"

"Mimi, mama. Nilikuwa kwa usingizi."

"Ehe. Ile haiko roho ya muntu. Iko jini ya maji. Inakamata muntu kule kwa muto, inavaa sauti yake, inaenda kutafuta mulango. Kama hamujibu, inabakia inje. Weye ulijibu."

"Utaitoa?" Wekesa aliuliza.

Honorine alimtazama miguu, kisha akayatazama mabuti kando ya mlango. "Mimi naomba tangu nilikuwa mutoto kule Bukavu. Leo imenishinda, siwezi wadanganya. Murudishe bintu kwa mwenyewe. Safari, muache. Na ile neno 'karibu', mama, usiseme tena kwa mulango. Hata kwa muntu unapenda."

Zilpah alitii. Jacky alipokuja na chapati akabisha, alifunguliwa na Zilpah aliyemkodolea macho bila kumkaribisha. Jacky aliacha chapati kizingitini, akaondoka amevimba, na kanisani ikasemwa kwamba Zilpah siku hizi anajiona.

Walirudi Penrith na mabuti ndani ya mfuko wa plastiki. Mlango ulifunguliwa na bibi mmoja Mzungu, mwembamba, aliyejitambulisha kwa jina moja tu, Abigail. Alipoona kilicho mfukoni alishika mnyororo wa mlango na hakuutoa. Waliongea kwa Kiingereza, kupitia ule mwanya.

"Ni ya Douglas," alisema. "Mwanangu. Alikwenda kwenye bonde la mto, huko Nepal. Mabuti yalikutwa ukingoni, yamepangwa sawasawa. Yeye hakupatikana. Wakaniletea mimi."

"Alikuja kubisha?" Zilpah aliuliza.

Bibi aliuangalia mfuko. "Miaka miwili. Sauti yake. Hata kikohozi chake cha utotoni. Sikufungua."

"Ulijuaje kwamba si yeye?"

"Sikujua," Abigail alisema. "Hakuna siku niliyojua. Ndiyo maana niliyaweka barabarani. Nisameheni. Tangu mlipoyachukua ninapata usingizi."

Akafunga mlango. Waliyaacha pale kizingitini wakaondoka kwa kasi, na walipofika Toongabbie mabuti yalikuwa barazani, yamelowa, ncha zikielekea ndani.

Wekesa hakushuka garini upesi. "Inataka kwenda kwao, Zil. Wacha niipeleke."

"Hapana."

"Wewe ndiye uliitikia. Ikichoka kungoja, itachukua wewe. Mimi naipeleka hadi ule mto unaanzia, naacha mabuti hapo, narudi. Ni kusindikiza mgeni tu."

"Nimesema hapana, Wekesa. Honorine alisema tu-cancel. Niapie."

Akaapa. Zilpah aliamini kwa sababu alitaka kuamini, na kwa sababu zamu yake ilikuwa inakaribia. Asubuhi aliporudi, baraza lilikuwa kavu. Kochi kavu. Ukutani palibaki vipande vinne vya gundi mahali pa ramani. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa Wekesa: amempeleka mgeni, asiwe na wasiwasi, alale.

Na alilala. Hilo ndilo lililomuumiza baadaye kuliko yote, kwamba nyumba ilikuwa kimya na yeye akalala usingizi mzito wa raha.

Wekesa alimtumia rekodi za sauti yake kila alipopata mtandao. Mwanzoni alikuwa na furaha, alieleza chai yenye siagi na chumvi, na wanakijiji waliomshika nywele wakicheka. Kisha maneno yakapungua na mto ulio nyuma yake ukaongezeka. "Miguu imepoa, siisikii kabisa, lakini inatembea," alisema siku moja. Na ya mwisho, iliyokuwa fupi, ambayo Zilpah aliisikiliza mpaka simu ikazima: "Leo amenitangulia, Zil. Anajua njia."

Kijana wa Kathmandu ndiye aliyepiga simu. Alikuwa akilia. Mabuti yamekutwa ukingoni, alisema, yamepangwa sawasawa. Wametafuta kwa kamba na kwa mbwa. Mto ule hautoi mtu.

Wanawake wa kanisa walikuja, Jacky akiwa wa kwanza, na kinyongo chake kimekwisha. Walipika, waliimba, walilia naye bila maiti, kisha wakarudi kwenye zamu zao, maana Sydney haimpi mtu likizo ndefu ya kuomboleza. Honorine alimpigia akamwuliza swali moja tu, kama bado analishika lile alilomwambia. Zilpah akajibu kwamba analishika.

Asubuhi moja alikuwa ametoka kazini, bado na sare yake. Hakuwa amelala. Harufu ilikuja kwanza, mawe na sufi na moshi. Mto ukaamka chini ya sakafu. Kisha mlango ukabishwa, taratibu, kwa adabu.

"Zil," ilisema sauti ya Wekesa. "Ni mimi. Kuna baridi huku."

Zilpah alitembea mpaka mlangoni akaketi sakafuni, mgongo ukiuegemea. Alijua. Yule bibi wa Penrith hakuwahi kujua, lakini yeye alijua wazi, maana Wekesa alikuwa na ufunguo wake na hakuwahi hata siku moja kubisha nyumbani kwake. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili, na maji yakaanza kupita chini ya mlango, yakalowesha sare yake, na sauti ikakohoa kile kikohozi cha vumbi la ghala, ikamwita kwa jina ambalo mama yake na mume wake peke yao ndio waliolijua, ikanyamaza, ikasubiri, na katika ule ukimya Zilpah aliziona asubuhi zote zinazokuja, mlango huu ukibishwa na yeye akikaa hapa kimya, mpaka siku atakapoweka vitu vya mumewe barabarani ili mtu mwingine avipakie akimshukuru Mungu.

"Nimechoka, mke wangu," sauti ilisema. "Chai iko kwa thermos?"

Akaondoa mikono mdomoni.

"Iko," alisema. "Karibu."