Jina Nililolifuta kwa Kidole Changu

Nina miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina watoto wawili, na kwetu ni Ng'ambo, hapahapa Tabora mjini. Wasomaji wenzangu, msinionee huruma. Haya sikutendewa na mtu... niliyatenda mimi!

Miaka sita iliyopita nilikuwa nimekaa tu nyumbani bila kazi. Mwalimu mmoja mstaafu wa parokia yetu akaanzisha mradi wa kurekodi maisha ya wazee wa kawaida: wakulima, wafinyanzi, watu ambao hakuna anayewaandika. Sisi tuliojiunga naye alitugawia vinasa sauti na fomu, akatuonya jambo moja kuliko yote. Mzee akishasema, msikate. Hata akikohoa, kiacheni kikohozi chake.

Mzee wangu wa kwanza alikuwa Bibi Veronika, mama mzazi wa mama yangu, aliyenilea tangu mama afariki. Nilidhani nitaambiwa habari za tumbaku na karanga, nimalize mapema niende zangu. Kumbe Bibi alikuwa ananisubiri miaka yote!

Alisimulia saa mbili bila kuomba maji. Yeye mwenyewe alilelewa na bibi yake, ambaye sote tulimjua kama Maria Zawadi, maana kila Novemba, mwezi wa kuombea marehemu, jina hilo lilisomwa kanisani kutoka kwenye bahasha ya majina ya marehemu wa familia yetu. Siku ile ndipo niliposikia kwamba Zawadi lilikuwa jina la utumwani. Alikuwa mtoto wa miaka kama tisa, akakamatwa upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, akavushwa hadi Ujiji, akatembezwa kwa miguu mpaka Tabora nyuma ya wapagazi waliobeba pembe za ndovu. Huku akatolewa kwa mke wa tajiri mmoja kuwa zawadi.

Jina la kwao alimwambia mjukuu wake huyu peke yake, yaani Bibi. Bibi akalitamka mara moja mbele ya kinasa sauti, taratibu, jina refu la lugha nisiyoijua. Akaniagiza Novemba ijayo niliandike hilo kwenye bahasha, kwa sababu amechoka kumwombea bibi yake kwa jina la waliomtesa.

Mnajua kwenye fomu niliandika nini? Maria Zawadi! Uvivu tu. Nilijiambia hilo jingine nitaliandika nikisikiliza tena.

Wakati huo nilikuwa nimechumbiwa. Wakwe zangu ni watu wa Isikizya, watu wanaojiheshimu, nami nilikuwa nimeshawadanganya kwamba sisi ni uzao wa kirangozi, yule mtu aliyetangulia mbele ya msafara na manyoya kichwani. Mama mkwe aliipenda mno hadithi ile. Halafu Mwalimu akatangaza kwamba siku ya kufungua hifadhi ya sauti, ukumbini parokiani, kila mmoja wetu atawasikilizisha watu sauti ya mzee wake. Na wakwe zangu wamealikwa... Nikaona nimekwisha. Mimi, uzao wa mtumwa?

Nilikaa na kompyuta ya mradi mchana kutwa. Katika kusimulia safari, Bibi alikuwa amemtaja kirangozi aliyewaongoza. Nikakata hapo, nikaunga na mahali alipomtaja bibi yake na kusema, huyo ndiye aliyetuzaa. Ikatoka safi kabisa, kana kwamba kirangozi ndiye babu yetu. Kisha nikafuta rekodi ya mwanzo pamoja na nakala yake, Mwalimu asije akaisikia. Nilibonyeza kwa kidole changu hikihiki!

Ukumbini watu walipiga makofi na wakwe wakanikumbatia. Bibi alikuwa kiti cha mbele, kanga mpya begani, mikono mapajani. Alingoja mpaka tufike nyumbani, akaniita nikae naye mkekani.

"Sesilia, sauti ni yangu," alisema. "Maneno ni ya nani?"

Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Nikapiga magoti nikalia. Hakunitukana, aliniambia tu nilete mashine Jumatatu arudie yote, na jina alirudie. Nikaitikia.

Jumatatu hiyo nilikuwa kwa fundi napimwa gauni la sendofu, sherehe ya kuniaga nyumbani. Jumatatu iliyofuata nilienda kuangalia ukumbi. Ya tatu nikasingizia kichwa. Ukweli ni kwamba niliogopa rekodi mpya itawafikia wakwe.

Jumatano yake Bibi alianguka jikoni. Kiharusi... Upande wa kulia ulikufa, na ulimi nao.

Mama mkwe alikuja hospitali na chupa ya uji. Kwa aibu na uchovu nikamweleza yote, nikijua uchumba umevunjika. Yeye aliendelea kumlisha Bibi kwa kijiko. Alipomaliza akanigeukia.

"Mwanangu, bibi yake baba yangu naye aliletwa na misafara. Sisi jina lake tunalo. Wenu anaitwa nani?"

Jamani! Nilikuwa nimelisikia kwa masikio yangu haya! Bibi alilisikia swali, akanishika kwa ule mkono mzima, midomo ikahangaika.

"Ka..." alisema. "Ka..."

Nikataja kila jina lililonijia linaloanza hivyo, na kila moja alilikataa kwa kichwa huku machozi yakimtoka. Wiki mbili baadaye alifariki.

Nilimwendea Mwalimu nikakiri. Mafundi wawili waliihangaikia ile kompyuta, hawakupata kitu. Nikamwomba basi aifute na ile rekodi ya uongo. Alikataa. Itabaki, alisema, na chini yake ataandika nilichokifanya. Ameandika, na jina langu kamili.

Novemba ile niliandika Veronika kwenye bahasha, kisha kalamu ikanigomea. Watu wamepanga foleni nyuma yangu. Nikaandika Maria Zawadi. Padri akalisoma, kanisa zima likamwombea raha ya milele. Kila Novemba nafanya hivyohivyo.

Ndugu msomaji, kama kwenu kuna mzee anayetaka kusema, kaa umsikilize. Usimwonee haya, mwenyewe haoni haya! Na jina akilitaja, liandike kabla hujanyanyuka mkekani.

Binti yangu ana miaka minne. Iko siku ataniuliza yule bibi yetu aliyetoka ng'ambo ya ziwa aliitwa nani. Nitamjibu "Ka". Halafu itanibidi nimweleze kwa nini jina lenyewe linaishia hapo.