Jina la Shimo

Habari za ramani nilizisikia kwanza kwa Apio, mke wa shemeji yangu. Mwanangu alikuwa analia tangu azaliwe. Kwetu, nje kidogo ya Malaba, mtoto anayelia hivyo huitiwa majina ya marehemu wa ukoo, na litakalomnyamazisha ndilo lake. Tulikuwa tumeyamaliza yote.

"Hata wafu hawamtaki," Apio alinicheka. "Jaribu yule mzee wa machimbo. Ana ramani ya Wazungu, ya wakati wa dhahabu. Imejaa majina."

Jua likizama nilienda kuteka maji, mtoto mgongoni. Njia ya kisima hupita kwenye mashimo ya zamani.

Mzee alikuwa ameketi ukingoni, miguu inaning'inia ndani. Alinuka udongo mbichi...

"Nisomee, mama," alinong'ona. "Macho yangu yamejaa mchanga."

Alikunjua ramani magotini. Vilima, mito, na kiduara kwa kila shimo, jina kando yake. Niliona haya kumkatalia mtu mzima. Nikasoma polepole.

"Alinga."

Mtoto akalia.

"Omagor."

Akalia zaidi.

"Emukule."

Kimya.

"Amekubali," mzee akasema. Akakunja ramani, akajiachilia shimoni. Sikusikia akifika chini.

Nilikimbia hadi nyumbani, ndoo tupu mkononi. Apio alikuwa jikoni anasonga ugali.

"Emukule ni nani?"

"Mashimo yaliitwa kwa majina ya waliofukiwa humo wakiwa hai," alisema, mwiko hautulii. "Huyo hata mwili haukutolewa. Wewe si unajua kusoma, dada? Hujui kwamba aliyekosa kaburi hapewi mtoto, asije akabadilishana naye mahali?"

"Ulijua... na ukanituma?"

"Leo nitalala. Huyo wako amenikosesha usingizi mwezi mzima."

Usiku huo mtoto hakulia. Hakunyonya. Alinitazama tu, bila kupepesa.

Halafu, chini ya sakafu ya udongo, nikasikia sauti ninayoijua.

Mwanangu. Analia kwa njaa... mbali sana.

Kulipopambazuka nilimwacha huyu wa kitandani, nikampa kisogo. Nilipapasa sakafu mpaka nikapata ufa karibu na ukuta. Nikalala kifudifudi, nikafungua blauzi, nikakamulia maziwa ndani.

Kilio kikakatika.

Nikasikia akimeza. Nikaendelea kukamua.