Mvua Ilinyesha Milimani

Wakati wa kiangazi mto wa kijiji ulikuwa mchanga mtupu. Kicheko, mwanamume asiyeishiwa mzaha, alijenga zizi la mbuzi humo humo mtoni, kwa sababu kingo zilizuia upepo. Karibu na zizi yeye na mkewe walichimba kisima. Kila asubuhi binti yao aliingia ndani yake, akachota maji kwa kopo na kujaza ndoo.

Siku moja jua lilikuwa kali. Mke wa Kicheko alikuwa akianika nguo ukingoni aliposikia jirani yao akiita. Jirani huyo alikuwa mpima mvua. Kazi yake ilikuwa kupeleka habari kwa watu wa hali ya hewa, nao humpigia simu mvua ikinyesha kwingine.

"Jirani! Toeni watu mtoni!"

Kicheko, aliyekuwa zizini, alicheka. "Kwa mvua gani? Hata wingu la kuazima hatuna."

"Tazama milimani kulivyojaa giza. Kule inanyesha tangu alfajiri. Ardhi imekauka, imekuwa ngumu, hainywi maji. Yote yanateremkia huku."

"Kila mwaka mnatutisha tu!"

Mkewe hakungoja mzaha uishe. Mtoto alikuwa kisimani, na kisima kilimzidi kimo.

"Toka, mwanangu! Toka!"

"Ndoo haijajaa, mama!"

"Iache!"

Aliteremka mbio, akamshika mkono, akamvuta. Mchanga ulianza kutetemeka chini ya nyayo zao. Kisha ukaja mngurumo kutoka upande wa juu wa mto. Sasa Kicheko hakucheka. Alibomoa mlango wa zizi, akafukuza mbuzi kuelekea ukingoni.

Walikuwa wamepanda ukingo tu maji mekundu yalipofika, yakisukuma magogo. Zizi likaondoka zima zima. Kisima hakikuonekana tena. Juu yao jua bado liliwaka.

Kicheko alikaa chini. "Nisamehe, jirani."

"Msamaha mwombe mkeo. Siku nyingine toka kwanza, ucheke ukiwa huku juu. Na maji yakipita, msivuke, hata yakiwa ya magotini. Yana nguvu."

Zizi jipya walilijenga mwinukoni. Kabla mtu hajashuka mtoni, Kicheko hutazama milimani kwanza. Juzi aliona giza kule, akapiga kelele hadi sauti ikakauka. Majirani walimcheka, lakini walitoka. Maji yalipita bila kumkuta mtu.

Lile kopo la binti halikuonekana tena. Mama yake hakuliulizia hata siku moja.