Jina Ambalo Umulkheir Hakulisoma

Sauti ilikuja kwanza. Ilipita juu ya vikohozi vya watu na vishindo vya mihuri, ikatoka nyuma ya ubao ambapo mteja haruhusiwi kuchungulia.

"Tadicha Sharamo! Nairobi yako iko kibanda cha pili. Tadicha Sharamo! Ama umelala?"

Posta nzima ya Isiolo ikacheka. Kijana mrefu, suruali yake pana ikifagia sakafu, akajipenyeza kati ya watu na kukamata simu kwa mikono miwili. Tangu asubuhi alikuwa akingoja kuongea na kampuni ya vitabu.

"Haloo? Nimeandika riwaya. Ndiyo, riwaya! Ya mtu wa Isiolo. Hapana, si ya wanyama wa pori. Mama, nisikilize kwanza..."

Simu ikakatika.

Tadicha akatoka kibandani amefura, akaupiga ubao ngumi. "Nani amenikata?"

Mlango mdogo ukafunguka. Akatokea msichana wa gauni refu la buluu na mtandio wa njano, vipokea sauti vikimning'inia shingoni.

"Hakuna aliyekukata. Dakika zako zimeisha. Umezimaliza zote ukimwelezea yule mama jinsi jua linavyochomoza Oldonyiro."

"Kumbe ulikuwa unasikiliza!"

"Ni kazi yangu kujua kama laini imeshika." Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Halafu? Jua likachomoza. Huyo mtu alipata ngamia wake?"

Hapo hasira ya Tadicha ikapotea njia. Alikuwa amewasomea watu wengi kazi yake, na wote walimuuliza italipa nini. Huyu, Umulkheir binti Godana, ndiye wa kwanza kuuliza "halafu".

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na nane, na kama kuna mtu aliyewahi kuudhiwa na mji wake, ni Tadicha. Aliandika akiwa amesimama, kwenye kaunta ya duka la Ado, mdogo wa marehemu baba yake, kati ya kupima sukari na kukata sabuni. Kila sura aliianza kwa ubeti. Aliukariri kwa sauti, akihesabu mizani kwa vidole, mpaka ukakaa sawa. Kisha akauvunja kuwa maneno ya kawaida. Wateja walimwona akijihesabia vidole wakamwonea Ado huruma. Lengo lake lilikuwa moja: kitabu kichapishwe, na shujaa wake aitwe Sharamo, kama baba yake aliyefia njia ya Kipsing akitafuta malisho. Baba hakuacha picha hata moja. Basi angalau aache jina.

Lakini kuandika peke yako ni kama kucheza mpira na ukuta, kwa hiyo alibandika tangazo nje ya posta: NATAFUTA WAANDISHI WENZANGU. WAFIKE MKAHAWA WA BISHARO JUMAMOSI.

Walifika. Lokwang alitaka aandikiwe barua kwa chifu kuhusu kisima. Gaceri alitaka cheti cha mtoto. Wengine wanne walidhani serikali inaajiri makarani.

"Waandishi!" Tadicha alipiga kelele. "Waandishi wa hadithi! Wa mashairi!"

"Na barua ya kisima nani ataandika?" Lokwang aliuliza kwa upole. Tadicha akaiandika, akisaga meno.

Aliyebaki ni Zachary Murithi, karani wa kilimo kutoka Meru, mwenye shairi moja tu maishani, nalo lilihusu kabichi. Kisha mlangoni akatokea mtandio wa njano.

"Salaam aleikum. Nina hadithi ya bibi harusi anayeogopa simu. Mnachukua wanawake?"

"Aleikum salaam," Tadicha alisema, na tangu siku hiyo duka la Ado likawa linapiga simu nyingi kuliko ofisi ya mkuu wa wilaya.

"Namba?"

"Nataka mwandishi mmoja mrembo."

"Yuko bize."

"Bize na nani?"

"Na kijana msumbufu anayejiita mshairi."

"Nyota yangu, nimekuandikia ubeti."

"Usiniite nyota, mpenzi. Nyota ni nyingi. Tafuta kitu ambacho Isiolo kipo kimoja."

"Taa ya pale stendi?"

Umulkheir alicheka mpaka mtu wa Marsabit akaunganishwa na kambi ya jeshi.

Chama chao kilikuwa na sheria, na Tadicha ndiye aliyeitunga: mwandishi asisome kazi yake mwenyewe mbele ya watu, maana ataficha makosa kwa sauti. Tadicha alisoma ya Zachary, Zachary akasoma ya Umulkheir, Umulkheir akasoma ya Tadicha. Kwa hiyo walipopewa ukumbi wa mji Jumamosi moja alasiri, riwaya ya Sharamo iliangukia kwenye sauti ile ambayo wilaya nzima iliijua.

Watu walijaa. Akina mama wa Kiborana walikaa mbele, wamejifunika vizuri, pamoja na mama yake Umulkheir. Msichana akasimama, amevaa gauni jipya la zambarau.

"'Asubuhi ile,'" akasoma, "'yule mzee akawafungua ngamia.'"

Tadicha akakunja uso. Aliandika: Sharamo akawafungua ngamia.

"'Mwenye ngamia akatazama vumbi. Huyo tuliyemtaja akasema...'"

"Hatujamtaja!" mtu akapaza sauti nyuma. "Ni nani huyo? Mbona hana jina?"

"Labda ni mwizi!" mwingine akajibu, na ukumbi ukapasuka kwa vicheko.

Tadicha akasimama. "Soma kilichoandikwa!"

"Nasoma."

"Soma jina!"

Umulkheir akatazama karatasi, akawatazama akina mama, akainamisha macho. "Siwezi."

"Huwezi ama hutaki? Jina la baba yangu ni uchafu mdomoni mwako?"

Umulkheir akaziweka karatasi juu ya kiti, moja moja, kama vyombo vinavyoweza kuvunjika. Akavuta mtandio, akatoka.

Jumatatu Tadicha akainua simu ya duka.

"Namba?"

"Ni mimi."

"Namba, tafadhali."

"Umulkheir, wewe ndiye uliyenikosea, halafu unaninunia?"

"Namba hiyo haipo."

Ikakatwa. Akapiga tena Jumanne. Haikuwepo tena.

Jumatano Zachary alimkuta mkahawani kwa Bisharo, chai imepoa mbele yake.

"Umesikia? Kuna nafasi kwenye simu za Nanyuki. Umulkheir alikuwa ameikataa. Sasa amekubali. Anaondoka Jumamosi."

Rangi ikamtoka Tadicha, lakini kiburi kikatangulia kusema. "Aende! Mtu anayeshindwa kutamka neno moja! Nimemwandikia Sharamo kurasa mia mbili, yeye anamwita mwenye ngamia!"

Bisharo, aliyekuwa akimimina chai, akasimamisha birika hewani. "Ngoja. Ni jina gani alilokataa?"

"La baba, mama. Sharamo."

"Zamani alikuwa analitaja?"

"Siku ya kwanza alilipigia kelele posta nzima!"

"Na siku hizi anakuita nani?"

Tadicha akafungua mdomo. Tadicha. Mpenzi. Msumbufu. Muda mrefu sasa hakuwa amemsikia akimwita jina lake lote.

Bisharo akaweka birika chini, akacheka mpaka akashika nguzo. "Abbo! Mwandishi mzima! Umewahi kunisikia nikimtaja baba ya mume wangu? Hata neno linalofanana na jina lake nalizunguka. Hiyo ndiyo laguu ya Waborana, heshima ya mke kwa babamkwe. Wewe uliyelelewa na Ado na mabweni ya shule, nyumba bila mama, utajuaje? Huyo msichana amekwisha kujihesabu mke wako. Na wewe ukamfokea mbele ya mama yake!"

"Kwa hivyo," Zachary akauliza taratibu, "ule ulikuwa uchumba?"

"Ulikuwa uchumba, karani! Mbele ya ukumbi mzima!"

Tadicha alikuwa ameshafika barabarani. Posta ilijaa kama kawaida. Akalipia simu, akaingia kibandani, akavuta pumzi.

"Namba?"

"Nataka binti ya Godana."

Sauti ikajibu chini chini: "Uko kibanda cha pili. Nakuona miguu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nimejiposa? Msichana gani anasema hivyo? Nilidhani unajua. Unajua mizani, unajua vina, unajua kila kitu isipokuwa sisi!"

"Nitalibadilisha jina. Shujaa ataitwa jina lingine lolote."

"Usithubutu! Nililikwepa kwa heshima, si kwa kulichukia. Nataka kulisikia hilo jina. Ni kulisema tu ndiko siwezi."

"Basi usiende Nanyuki."

"Nikae kwa nini, Tadicha? Kwa beti? Kwa nyota? Beti zako ninazo, zimejaa sanduku. Nipe kitu ambacho baba yangu anaweza kukisikia."

Tadicha akakata simu. Akatoka kibandani, akapita foleni yote, akasimama mbele ya ubao. Mihuri ikaacha kugonga. Mlango mdogo ukafunguka nusu, na mtandio wa njano ukatokeza.

"Nisikilizeni wote," alisema. "Nilimfokea mtu aliyeniheshimu, na nilimfokea hadharani, kwa hiyo nasema hadharani. Umulkheir, Ijumaa baada ya swala, Ado na wazee wetu watafika kwa baba yako na buni na tumbaku za posa. Wakirudishwa, watakwenda tena. Na siku tutakapousomea mji kitabu hiki, utakisoma wewe. Kila litakapofika jina hilo utanyamaza, na mimi nitasimama kando yako nilitaje. Nakuahidi mbele ya hawa wote: hakuna ukurasa utakaousoma peke yako."