Vichupa Vitatu vya Mjomba Isihaka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Munira alimpa mdogo wake Faraji kidonge cha kifafa na kikombe cha uji, kisha akaosha vyombo na kupanga rafu. Pale Kwaluguru nyumba yao ilisifiwa kwa usafi, na Munira, msichana wa miaka kumi na mitatu, hakuvumilia vitu vilivyozagaa.

Kwa sababu hiyo vichupa vitatu alivyoleta Mjomba Isihaka kutoka ughaibuni vilimkera. Vyote vilikuwa na mafuta ya mmea wa jamii ya bangi. Kimoja, alisema mjomba, kilikuwa cha Faraji. Viwili vilikuwa vya magoti ya Bibi. Jumamosi, kama walivyozoea kukusanya mabaki ya mafuta ya alizeti katika chupa moja, Munira aliyamimina yote katika chupa tupu ya dawa ya kikohozi, akavitupa vichupa jalalani.

“Kichupa cha Faraji kiko wapi?” mama aliuliza.

“Nimeyahamishia humu, mama.”

Hayo yalikuwa kweli, lakini nusu tu.

Jumatatu Faraji hakuamka. Walimtikisa, akafumbua macho, akayafumba tena. Mama alimpakata kwenye bodaboda, Munira akapanda nyuma, wakafika kituo cha afya wakiwa wamejaa vumbi.

“Shikamoo daktari.”

“Marahaba. Amekunywa nini?” aliuliza Daktari Castory.

Mama alitoa chupa. Daktari aliigeuza mara mbili, uso ukamkunjamana.

“Mama, hii imeandikwa dawa ya kikohozi!”

“Ndani ni mafuta ya kaka yangu. Nilimpa matone matano, jana na juzi.”

“Ya aina gani?”

“Mafuta ni mafuta, baba.”

“La hasha!” Daktari aliigonga meza. “Wewe unajua asali. Ipo inayouzwa na masega yake, na makinda ya nyuki humo humo. Ipo iliyoondolewa makinda tu. Upo na utamu wenyewe mtupu, kama sukari. Na mafuta haya ni hivyo hivyo. Aina moja ina kiini kimoja kilichotengwa peke yake. Ya pili ina viini vingi, ila kilevi kimeondolewa. Ya tatu ni mmea mzima, na kilevi kidogo kimebaki. Zote zaweza kuongeza nguvu ya vidonge vyake. Sasa mimi nitibu nini? Nibahatishe?”

Muuguzi alimpima Faraji, akampima tena. Daktari alipiga simu ya mjomba, haikupatikana. Saa nzima ilipita hivyo, Munira akikodolea macho sakafu. Alimchukia mjomba kwa kuleta vichupa, akamchukia daktari kwa maswali yake. Kisha pumzi ya Faraji ikawa nzito, na mama akaanza kulia.

“Ni mimi,” Munira alisema. “Nilivichanganya vyote vitatu. Vichupa viko jalalani.”

Daktari alimpa Munira simu, sauti ikiwa juu ili wote wasikie. “Piga nyumbani. Upesi!”

Bibi alimwita Husna, jirani aliyesoma na Munira darasa moja, naye Husna akaingia jalalani akiwa na simu.

“Munira, umenitia kwenye maganda ya mihogo!” Husna alifoka. “Haya, cha kwanza nimekipata, na cha pili nimekusomea. Hiki cha tatu kimechafuka… Efu. Yu. Eli. Eli…”

“Inatosha,” alisema daktari, akiandika. “Ni ‘full’, Kiingereza cha ‘kamili’. Hicho ni cha mmea mzima. Kilevi kimo. Nisomee na tarakimu, binti, zote, hata ndogo.”

Sasa alijua mtoto amepewa nini, na kwa kipimo gani. Alimlaza Faraji ubavu, akaagiza dripu, akamkataza mama kumpa mafuta yale tena. Saa tisa alasiri Faraji aliketi, akadai maandazi.

Mama alipumua. Daktari aliikabidhi chupa kwa msimamizi wa kituo, akarudi.

“Mama, sheria yetu hairuhusu mafuta haya kuletwa na kunywewa kiholela. Kaka yako alipaswa kuuliza, nawe pia. Dawa ibaki katika chupa yake, na jina lake juu.” Kisha akamgeukia Munira. “Wewe ulikosea kwa kutojua, hilo husamehewa. Lakini ulijua jibu, ukalikalia, na ndugu yako akililipia kwa pumzi zake. Ulichelewa saa nzima. Leo imetosha. Siku nyingine huenda isitoshe.”

“Ndiyo, daktari,” alijibu Munira, akaenda kumshika Faraji mkono.