Mtu wa Nne Kwenye Fomu

Siku ya tatu tangu fomu ikubali, Hafsa aliomba sahani ya nne. Walikuwa watatu mkekani, yeye, mama yake, Muzdalifa, na bibi yake, Bi Sihaba, na wali ulikuwa umeshapakuliwa.

"Ya nani?" Muzdalifa akauliza.

"Ya Zena," mtoto akajibu, akasogea kidogo kuacha nafasi ubavuni pake.

Bi Sihaba akarudisha tonge kwenye sahani. Hakumtazama mjukuu. Alimtazama binti yake, jicho kali, kwa sababu jina hilo hakuna aliyewahi kulitaja mbele ya mtoto. Lilikuwa limeandikwa mahali pamoja tu, kwenye kompyuta ya Muzdalifa.

Tuseme ukweli, maana ukweli wa kisa hiki ni mchungu na haufai kuzungushwa. Muzdalifa alikuwa fundi wa mifumo ya kompyuta, msomi wa Dar es Salaam aliyerudi kwao Kibiti baada ya mumewe kupanda boti Nyamisati kwenda Mafia na kusahau njia ya kurudi. Shirika moja lilimpa kazi ya kutengeneza mfumo wa kugawa vyandarua kwa familia zilizohamishwa na mafuriko ya delta. Akakaa sebuleni kwa mama yake akiandika PHP, lugha ya kompyuta, mchana kutwa, na fomu ikatoka nzuri: idadi ya watu wa nyumba, jina la kila mmoja, umri wake, na analala na nani, kwa kuwa chandarua hugawiwa kwa kitanda. Akaweka sharti kwamba idadi isipolingana na majina, fomu igome.

Ikagoma kweli. Hemedy, kijana aliyekuwa akiandikisha watu kwa simu huko Mtawanya na Ruaruke, alimpigia siku ya kwanza tu.

"Dada, huku kila nyumba ina mtu mmoja asiye na jina. Wananiambia tuko sita, majina wananipa matano. Si unayajua mambo yetu?"

Aliyajua vizuri. Wazee wa huku hawahesabu waliomo ndani kwa idadi kamili, maana aliyehesabiwa sawasawa hupunguzwa. Ukiulizwa mko wangapi, unaongeza mmoja. Huyo wa ziada hana jina wala sura. Ni kinga tu, ya kulipotezea lengo jicho baya lisijue limshike nani.

"Fomu haijui kinga," Muzdalifa akamwambia. "Kazi inatakiwa Ijumaa. Waandikie jina lolote, songa mbele."

"Lolote?"

"Lolote, Hemedy! Jina ni jina."

Na ili ahakikishe, akaijaribu fomu kwa nyumba yao wenyewe. Akamuuliza mama yake wako wangapi.

"Wanne," Bi Sihaba akasema bila kupepesa jicho.

"Wa nne nani, mama?"

"Hana jina, mwanangu, na usimpe. Nafasi isiyo na jina haikaliwi."

Muzdalifa akacheka, kicheko kile cha mtu aliyesoma. Akaandika Zena, msichana, miaka sita. Kwenye analala na nani akachagua Hafsa, kwa kuwa orodha ilianza na mdogo wa nyumba, na mfumo nao ukamwandikia Hafsa kuwa analala na Zena. Akabonyeza Hifadhi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu la Muzdalifa lilibaki zima, na laiti lingevunjika lake mwenyewe.

Baada ya sahani ikaja harufu. Saa saba mchana, jua la utosi, wakati hata kuku wamejificha, sebule ilinuka tope la mikoko, lile tope jeusi la maji yakishakupwa, ilhali delta iko mbali na Kibiti. Kisha zikaja nyayo, ndogo, za maji, kutoka mlangoni hadi kitanda cha Hafsa, na hazikuwa na za kurudi. Muzdalifa alizipiga deki mara mbili. Mara ya tatu akakaa mbele ya kompyuta, akaiamuru kanzidata, ghala la taarifa za mfumo, imletee watu wote wa nyumba yao.

Ikaleta mistari minne. Mitatu ilikuwa haijaguswa tangu siku ya kuandikwa. Wa Zena ulionyesha kwamba umerekebishwa leo, saa saba na dakika kumi mchana, wakati kompyuta ilikuwa imezimwa. Akafungua nakala ya akiba ya jana, nayo ikasema jana, saa saba na dakika kumi, akafungua ya juzi, ikasema vilevile. Akaiuliza tena kanzidata, safari hii imletee kila mstari uliorekebishwa dakika ile katika wilaya nzima, na orodha ikashuka, ikashuka, watu mia mbili thelathini na wanane waliopewa jina lolote, wote wakilala na watoto wadogo, kwa kuwa fomu yake ndiyo iliyowatanguliza wadogo. Akaifunga orodha. Hakumpigia Hemedy. Aliona aibu, na mtu mzima akishaionea aibu kazi yake huwaachia wengine waumie.

Bi Sihaba hakumsubiri. Alimwita Bi Mwanamkuu, mganga wa Ruaruke, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, akaja na ubani wake baada ya adhuhuri. Wakamkalisha Hafsa mkekani, wakamfunika shuka jeupe. Moshi ulipokolea, mtoto akaanza kuyumba.

"Nani wewe?" Bi Mwanamkuu akanong'ona.

"Zena."

"Nani kakutuma kwa mtoto wa watu?"

"Sikutumwa. Nimeandikwa." Sauti ilikuwa ya Hafsa, lakini Hafsa aliyemeza maji. "Kwetu mto umechukua, na mikoko wameikata. Nilikuwa napita tu, nikasikia napewa jina, napewa umri, napewa na pa kulala. Ungekuwa wewe, bibi, ungekataa?"

Bi Mwanamkuu akafunika chetezo.

"Huyu mimi simpungi," akamwambia Muzdalifa. "Kakaribishwa kwa maandishi. Aliyemwandika ndiye amfute."

Muzdalifa akamfuta palepale, mbele yao. Mstari ukatoweka, wakabaki watatu, na harufu ikakatika papo hapo. Bi Sihaba akalia kwa furaha, akachinja kuku. Mganga alikula, akaondoka bila kuaga vizuri, na hilo peke yake lingetosha kuwaonya.

Siku mbili nyumba ilikuwa kavu. Siku ya tatu Hafsa hakuamka kucheza. Alilala macho wazi, ngozi ya baridi, nywele zimelowa bila kuoga, na ilipofika saa saba mchana pumzi yake ilinuka tope. Hapo ndipo Muzdalifa alipokumbuka: shirika lilitaka taarifa zisipotee kamwe, kwa hiyo yeye mwenyewe, kwa mikono yake, aliutengeneza mfumo usifute mtu, ila umpige muhuri wa tarehe ya kufutwa na kumficha, asionekane tena kwa anayeuliza. Akaifungua kanzidata moja kwa moja, bila kupitia kwenye mfumo, akaliangalia jedwali likiwa wazi, bila pazia, na mistari ilikuwa minne, Zena yumo, na muhuri wake, saa saba na dakika kumi, hakuwa ameondoka hata hatua moja, walichoondoa ni macho yao tu.

Akatoa amri ya kumng'oa kabisa. Kanzidata ikakataa kwa maandishi mekundu: mstari huu umeshikwa na mstari wa Hafsa. Akaukata uhusiano, akamwandikia Hafsa kwamba analala na bibi yake, na alipouliza tena jedwali lilisema Zena, akaandika upya, likasema Zena, na kila alipokata, kule chumbani pumzi ya mtoto ilikatika, kifua kikasimama, midomo ikageuka rangi, Bi Sihaba akipiga yowe, "Acha, Muzdalifa! Acha, unamuua!" mpaka akaachia vitufe na kukimbilia kitandani, na kifua kikapanda tena, polepole, kikitoa mlio wa maji.

"Usinifute," mtoto akasema. Midomo haikutikisika. "Nihamishe."

"Kwa nani?" Muzdalifa akanong'ona.

Macho ya Hafsa yakageuka yenyewe, yakamtazama bibi.

"Niandike mimi," Bi Sihaba akasema mara moja, huku meno yanagongana. "Mimi nimeshaishi, mwanangu. Niandike."

"Hapana, mama."

Mchuma janga hula na wa kwao. Ndivyo ilivyo, na Muzdalifa alikuwa ameshawalisha wa kwake vya kutosha. Hili lililobaki alitaka ale peke yake. Akaileta kompyuta kitandani, akaiweka magotini. Akauondoa muhuri kwenye mstari wa Zena, akamrudisha mahali pa wazi, na kwenye analala na nani akaliruka jina la Hafsa, akaliruka la mama yake, akafika kwenye la kwake. Machozi yalimtoka kwa hasira zaidi ya hofu. Akabonyeza Hifadhi, na fomu haikugoma hata kidogo.

Hafsa akakohoa, akatapika maji meusi, akakaa kitako.

"Bibi," akasema kwa sauti yake mwenyewe, "nina njaa."

Bi Sihaba akamkumbatia, akamnusa kichwani, akamnusa tena, akaangua kilio. Mtoto alikuwa na joto. Juu ya bega la bibi yake alimtazama Muzdalifa akatabasamu, na hakuona chochote nyuma yake.

Muzdalifa hakugeuka. Alihisi godoro likibonyea mgongoni pake, kisha mikono miwili midogo ikamzunguka shingo, ya baridi, imelowa, na tope la mikoko likamjaa puani, na shavu likajilaza kwenye shavu lake taratibu, kama mtoto aliyechoka na safari ndefu.

"Mama," sauti ikamwita sikioni.

Alijua asipoitika, itakwenda kumwita mwingine humu ndani. Akamtazama Hafsa.

"Naam, mwanangu," akaitika.